Yadi ya mapaleti upande wa Kizota, Dodoma: mbao chukueni, meza waachieni wenyewe

Naanza na meza maana ndo iliyoniuma. 65,000, meza ya sebuleni ya paleti, ilikuwa imewekwa pale mbele ya yadi imepakwa vanishi inang'aa kama kitumbua kimetoka kwenye mafuta sasa hivi, nikaipenda, nikalipa, nikabeba. Kufika nyumbani Ilazo naiweka kwenye tailizi inacheza, ukiweka kikombe huku, kule kunanyanyuka. Nikasema labda sakafu. Nikaipeleka chumbani, inacheza. Varandani, inacheza. Basi nikakunja boksi la kiberiti nikaweka chini ya mguu mmoja maisha yakaendelea, mpaka siku mwanangu wa darasa la pili alipoingia chini yake kufuata mpira akatoka analia na kibanzi cha karibu inchi nzima kwenye paja. Kuinama kuangalia, kumbe juu wamepiga msasa vizuri kabisa ila chini huko hakuna mkono uliopita, mbao ziko vilevile zilivyoshuka kwenye lori.

Pamoja na hayo nimerudi pale yadi mara tatu toka Oktoba, na wiki ijayo naenda tena. Ndo maana naandika, maana watu wakiona kwangu wananiuliza hivi vitu umenunua wapi na nikiwaambia "pale" wanaenda wanabeba meza kama mimi halafu wanarudi kunilaumu. Jina la yadi silitaji, sitaki kumharibia mtu biashara, na wanaokaa upande ule wanaijua, ni uwanja wenye uzio wa mabati, mapaleti yamepangwa mpaka urefu wa mtu wawili, na kibanda kimoja cha mafundi wanaogonga kutwa nzima.

Kilichonipeleka pale ni kitanda cha mtoto. Fundi wa mtaani kwangu alitaka 180,000 kitanda cha futi tatu kwa sita mbao ya paina, sio mninga jamani, mninga hata sikuuliza, siku hizi kuuliza bei ya mninga ni kujitafutia presha. Nikamuuliza na kabati la viatu la wazi, 55,000. Benchi la varandani la watu watatu, 70,000. Jumla 305,000 na mwezi wenyewe ulikuwa na ada. Huku mji mzima unajengwa, kila ukipita Mtumba au Iyumbu unaona tailizi, vioo, paneli za sola, mashine, vyote vinakuja juu ya paleti na paleti lenyewe linaishia kuwa kuni za mlinzi. Hizo yadi ndo zimeota hapo, wanakusanya saiti wanauza.

Paleti moja 9,000, hilo la kawaida lisilovunjika. Yale makubwa ya mashine 15,000 na yale yenye mbao mbilitatu zimekatika 5,000. Bei wanashusha ukichukua kuanzia kumi, mimi nilichukua sita nikaambiwa "dada sita ni rejareja" basi nikalipa bei ya rejareja.

Kuchagua sasa. Hapa ndo nawasifu kwa moyo, hawakuzuii kuchagua. Unaingia ndani, unapanda, unavuta, dogo mmoja anakusaidia kushusha, hata ukigeuza mapaleti ishirini ukachukua mawili hanuni. Na kuchagua ni lazima. Angalia ubavuni, kwenye vile vitofali vya mbao vya chini, kuna mhuri umechomwa au umepigwa wino, una kialama cha suke la ngano na herufi IPPC, halafu herufi mbili za nchi, CN ni China, ZA Afrika Kusini, IN India, TR Uturuki, halafu namba ya waliotengeneza, halafu herufi mbili ambazo ndo zenyewe unazozitafuta: HT au MB. HT ni mbao iliyopashwa moto mpaka ndani katikati ya ubao pakafika nyuzi 56 zikakaa hapo dakika 30. MB ni iliyofukizwa gesi inaitwa methili bromaidi, sumu ya kuua wadudu, ile ile iliyowekwa kwenye Itifaki ya Montreal, ule mkataba wa mataifa wa kulinda tabaka la ozoni, kwa sababu inalila, na Umoja wa Ulaya waliacha kuitumia tangu 2010. Ukiona MB acha hapo hapo, hasa kama ni kitu cha ndani au cha mtoto. Mimi katika kugeuza kwangu nilikutana nalo moja tu, la zamani limekuwa jeusi, nikamwonyesha dogo akasema "kumbe, sisi hilo huwa tunauza kwa watu wa kuni". Nikamwambia kuni ndo kabisa usimpe mtu akapikie, akanitazama kama mwalimu wa zamu.

Yasiyo na mhuri kabisa yapo mengi, hayo mara nyingi yametengenezwa hapa hapa nchini kubebea mzigo wa ndani, hayajawahi kuvuka mpaka kwa hiyo hayakuhitaji mhuri. Sio kwamba ni mabaya. Ila hujui limebeba nini, na hapo kazi ni ya pua. Nusa. Nilinusa moja lilikuwa linatoa harufu ya dawa ya shamba mpaka koo likawasha, jingine lina doa la mafuta limezama, hayo hata kwa bure usichukue. Na hata liwe na HT safi, mimi sitengenezi ubao wa kukatia nyama wala mwiko kwa mbao za paleti, hilo nimeshakataa hata mama mkwe aombe.

Kuna aina moja ukiipata ishike. Ina alama ya EUR ndani ya duara refu kama yai, imechomwa kwenye kitofali cha pembeni. Ni paleti la Ulaya, 1,200 kwa 800 kwa milimita, linabeba mpaka kilo 1,500, mbao za juu zina milimita 22, nene, mbao za kawaida pale ukizishika unaona nyembamba zinapinda. Nilipata moja katika yale sita na bei wakanichaji ile ile 9,000, nahisi hawajui, nanyi msiwaambie.

Kubomoa wanachaji 3,000 kwa paleti na mimi kwa ubishi wangu nikasema hilo la EUR nitabomoa mwenyewe nyumbani nijifunze. Jamani. Misumari ya paleti sio hii yetu laini ya dukani, ina mikato imezunguka kama skrubu, imetengenezwa isitoke, sasa wewe unaipiga nyundo inatoka nusu inagoma, ukilazimisha na nondo ubao unapasuka kutoka kwenye tundu mpaka mwisho, na ubao uliopasuka ndo ulikuwa unautaka. Jumamosi nzima. Mbao mbili za kwanza nikazipasua, ya tatu jirani akapita akacheka akaniambia mama Neema usivute, kata. Yaani unachukua jino la msumeno wa chuma, unalizungushia kitambaa upande mmoja upate pa kushika, unaliingiza kati ya ubao na kitofali unakata msumari katikati, ubao unatoka mzima na kichwa cha msumari kinabaki juu ya ubao kama kifungo. Kwenye benchi nimeviacha hivyo hivyo, vimependeza. Kama una grainda ndo haraka zaidi ila cheche zinaruka, vaa miwani, na uwe na mtu wa kukushikia.

Misumari niliyong'oa na vipande nilivyokata nikawa naweka kwenye kopo la maziwa ya unga maana huku kwetu watoto wanatembea peku. Sasa hili paleti la EUR lina misumari 78, ndo kiwango chake wanavyotengeneza. Nikahesabu kopo nikapata 71. Nikasema saba sio kitu.

Saba ni kitu. Mbao zile nikazibeba kwenye mashine ya kuranda, fundi akauliza "misumari imeisha?" nikajibu imeisha, ubao wa pili tu mashine ikapiga kelele kama imemeza kijiko, kisu kikalika pembe. Mwenye mashine hakufoka, alizima tu umeme, akautoa ubao, akanionyesha kwa kidole kile kipande cha msumari kimekatwa kinang'aa kama shilingi, akasema "mama, 15,000 ya kunoa". Nikatoa. Wengi wanaoranda hapa mjini ukifika na mbao za paleti wanakataa kabisa kwa sababu hiyo, msiwaone wana roho mbaya. Siku hizi napitisha sumaku kwanza, niliitoa kwenye spika mbovu ya redio, unaiburuza taratibu juu ya ubao ikifika kwenye chuma mkono unavutwa wenyewe. Na pia nimegundua kwa vitu vingi huhitaji kuranda, msasa namba 80 halafu 120 halafu 180 unatosha, na ubao unabaki na ile sura yake.

Yale matano mengine niliwalipa wakabomoa wao, 15,000 jumla, dakika arobaini wamemaliza, wana chuma wamekichomelea wenyewe kina vidole viwili na mpini mrefu, wanakiingiza chini ya ubao wanakanyaga, tap, umetoka. Hiyo hela lipeni. Mimi naiona ndo huduma bora ya ile yadi kuliko chochote, ningekuwa mwenye yadi ningefunga kile kibanda cha meza nikabaki na kubomoa tu.

Kitanda nilimwita fundi kijana wa jirani, siku mbili 50,000, mimi nikiwa msaidizi. Hapo nikajifunza kitu ambacho hizi picha za mitandaoni hazisemi, mbao za paleti ni fupi. Ndefu kabisa katika haya ya kawaida ni mita moja na sentimita ishirini, kitanda cha futi sita ni karibu mita moja na themanini, hesabu haikubali. Kuunga unaweza ila ubavu wa kitanda wa kuunga na mtoto anayeruka ruka mmh. Fundi akaniambia tununue mbao mbili mpya za paina, 2 kwa 4 za futi 12, tukate ziwe mbavu na miguu, halafu chaga na kichwa na mapambo yote yawe paleti. Ndo tulichofanya, 9,000 kwa 9,000. Kichwa cha kitanda tulipanga vipande vya rangi tofauti, kuna kimoja kina maandishi ya Kichina yamefifia mtoto amekataa kisipakwe vanishi nyingi yasipotee. Kitu kingine, mbao hizi zimekauka miaka, ukipiga skrubu kavu kavu mwishoni mwa ubao unapasuka, toboa kwanza tundu dogo na drili ndo uingize.

Hesabu yangu yote: mapaleti 54,000, kubomoa 15,000, guta la kuleta Ilazo 12,000, mbao mpya 18,000, msasa na skrubu na gundi na vanishi lita moja na brashi 46,000, fundi 50,000. Jumla 195,000, ongeza 15,000 za kisu ambazo ni ujinga wangu, 210,000. Badala ya 305,000. Nimeokoa 95,000 ila nimetumia Jumamosi tatu na kucha mbili, kwa hiyo mtu asije akakwambia paleti ni bure. Paleti ni rahisi, mbao ya paleti sio rahisi sana, ni afadhali tu.

Benchi lina kasoro moja ambayo sio ya yadi ni ya Dodoma. Tulibana mbao za kukalia zikashikana kabisa hata karatasi haipiti, nikajisifu. Wiki tatu baadaye kila kati ya ubao na ubao njiti ya kiberiti inapita. Hizi mbao zimetoka Dar zimekunywa hewa ya baharini, zikifika huku kwetu mwezi wa kumi hewa kavu midomo inapasuka, na zenyewe zinasinyaa. Mvua za Januari zilipokuja zikarudi kidogo, sasa hivi na hizi pepo za Julai zimeachana tena. Kwa benchi sio mbaya, maji yanapita, ila ukitengeneza meza ya kulia chakula punje za wali zitakuwa zinaishi humo. Ziacheni kivulini wiki mbilitatu kwanza zizoee, pangeni kwa kuweka vijiti katikati hewa ipite. Yadi wao wanaziweka juani peupe, nyingine zimepinda kama upinde, ukichagua weka jicho kwenye ncha ya ubao uangalie kama unaenda sawa.

Haya, kabati la viatu. Hapa nina ugomvi nao.

Siku ile nanunua niliuliza kabisa kuhusu mchwa, maana nani asiyejua mchwa wa Dodoma, shamba la jirani yangu lina kichuguu kirefu kuliko mtoto. Muuzaji pale, sio dogo, yule mkubwa anayeshika hela, akaniambia kwa kujiamini "dada hii ni HT, imechemshwa, mchwa hagusi milele". Milele alisema. Nikaamini, na mimi nilishaisoma ile HT nikaona ni kweli. Kabati likakaa varandani, limegusa ukuta, miguu iko chini kwenye sementi. Februari, mvua zimekolea, navuta kiatu cha shule rafu ya chini nikaona kijia cha udongo chembamba kama mshipa kimepanda kutoka ufa wa sakafu. Nikabonyeza ubao na kidole gumba kikazama. Kwa nje vanishi nzima kabisa inang'aa, ndani hamna kitu, ni vumbi na udongo, kama maandazi yenye hewa. Rafu mbili za chini zimeisha, na kiatu kimoja cha baba yao soli imeanza kuliwa.

Nikaenda yadi na kipande changu kwenye mfuko wa rambo. Yule mkubwa akasema labda sio mbao yake. Nikamwonyesha mhuri, upo bado, HT safi kabisa. Akanyamaza halafu akaniambia "mchwa wa siku hizi wamebadilika". Wateja waliokuwepo wakacheka na mimi nikajikuta nacheka kwa hasira. Nimekuja kuelewa baadaye, na hili waambieni wengine, HT inaua wadudu waliokuwemo ndani ya mbao siku hiyo ili wasisafiri na mzigo kwenda nchi nyingine, hiyo kanuni inaitwa ISPM 15 ipo toka 2002 na lengo lake ni hilo basi. Ni moto tu, hakuna dawa iliyobaki ndani ya ubao. Kwa mchwa wa Ilazo ubao wa HT ni chakula kilichopikwa.

Hela hawakurudisha. Walinipa mapaleti mawili ya bure, sio ya kuchagua, waliyochagua wao, nikayachukua maana ndo nini sasa. Nikatengeneza rafu mpya ya chini, safari hii nikaipaka dawa ya mchwa ya dukani pande zote hasa kwenye ncha zilizokatwa maana huko ndo panapokunywa, nikasubiri ikauke siku mbili nje kabla ya vanishi, kabati nikalisogeza mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita na miguu nikaikalisha juu ya vipande vya tailizi ili vijia vikianza nivione. Na ule ufa nikaziba. Mpaka leo Julai hakuna kitu. Kuna wanaopaka oili chafu ya gari, inasaidia, ila ni kwa nguzo za uzio na mabanda, ukipaka kitu cha ndani harufu haitoki na nguo zinachafuka. Mtu wa yadi angeniambia hayo ya dawa siku ya kwanza ningetumia elfu kumi zaidi na leo nisingekuwa naandika aya hii.

Mama mkwe alikuja Machi kutoka Kongwa na kuku zake tatu kwenye tenga. Kakaa kwenye benchi, kakipapasa kichwa cha msumari, kauliza "hizi si mbao za kubebea mzigo?" Nikasema ndio mama. "Na mjukuu wangu analala juu yake?" Nikasema ndio mama, ila tumepiga msasa. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi baada ya chai akaniambia kwa upole kabisa, "mwanangu, na hao kuku nao watengenezee basi". Banda la kuku Mei lilimaliza mapaleti manne yale ya 5,000 yaliyovunjika, ukuta wa banda hauhitaji mbao ndefu wala nzuri, mianya unaacha hewa ipite, sakafu nimeinyanyua juu ya matofali manne. Katika vyote nilivyotengeneza, hicho ndo kimenikalia vizuri kuliko vyote kwa bei na kwa jasho, saa sita kazi imeisha na fundi sikuita. Anayeanza aanze na banda, au na sanduku la kupandia mchicha, sio kitanda.

Huduma kwa ujumla. Dogo wa kushusha namba moja, ana heshima, anakuita dada ukiwa peke yako na mama ukiwa na mtoto, anakuambia ukweli ("hili dada limelowa mafuta acha"), na simu anapokea. Yule mkubwa anajua kuuza, kujua mbao ni kitu kingine. Risiti mpaka uombe, ukiomba wanakuandikia kwenye kidaftari. Hakuna kivuli cha kukaa wala choo cha mteja, nenda na maji, na vaa viatu vya kufunika, mimi mara ya kwanza nilienda na ndala nikatembea kama kuku mwenye vidonda maana misumari imezagaa uwanja mzima, hilo la misumari walirekebishe kabla mtu hajaenda kudungwa sindano ya pepopunda. Usafiri wanakutafutia wao guta au kirikuu ila patana mwenyewe na dereva, ukiwaachia wanakuongezea.

Zile meza na sofa za maonyesho pale mbele sizinunui tena. Sofa la paleti walitaka 280,000 bila magodoro, nikapitisha mkono chini ya sehemu ya kukalia nikatoa na vumbi na kibanzi kingine, nikawaambia asante. Meza yangu ya 65,000 nimeigeuza miguu juu, nikapiga msasa chini, nikakata mguu mmoja milimita tano, haichezi tena. Kazi ya nusu saa ambayo wao walishindwa.

Nyota: mbao nne, kubomoa tano, vitu vilivyotengenezwa moja, yule mkubwa na mchwa wake nusu. Mzigo mpya toka saiti unashushwa Alhamisi asubuhi, nenda mapema kabla ya saa nne. Jumamosi utakuta yaliyochambuliwa, mengi yale yasiyo na mhuri, na mafundi wa hoteli wameshabeba ya EUR yote.